Mali ikiwa stoo, nani hubeba hasara?

Barua tatu tunazozijibu katika toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi ughaibuni, na zote zinahusu jambo moja: mali ya nyumbani iliyowekwa katika vyumba vya kukodi vya kuhifadhia mizigo, ambavyo wengi wetu huviita stoo, na bima inayopaswa kuilinda. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mambo yaliyomo yanawagusa karibu wote wanaopanga vyumba hivyo.

SWALI: Nina bima ya nyumbani. Kwa nini nilazimishwe kukata nyingine?

Ndugu Mhariri, natumaini mu wazima. Ninaishi Reading, Uingereza, pamoja na wanangu wawili. Mama yangu mzazi anaumwa huko Tanga na nimeamua kurudi kumuuguza kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nyumba niliyopanga nairudisha kwa mwenyewe, na vyombo vyangu nataka kuviweka stoo. Wenye jengo wanasema sitapewa chumba bila bima, na wamenipendekezea kinga ya pauni 2,000 kama kiwango cha kuanzia. Mimi tayari ninayo bima ya vyombo vya nyumbani ambayo muda wake haujaisha. Je, hiyo haitoshi? Na kama ni lazima nichukue yao, hizo pauni 2,000 zitanifaa kweli? – Msomaji, Reading

JIBU

Dada yetu, tunamwombea mama apate nafuu ya haraka.

Jambo la kwanza kulifahamu, ambalo wapangaji wengi hulitambua baada ya hasara kutokea, ni kwamba mwenye jengo la stoo hakuahidi kukutunzia mali. Amekupa nafasi tupu, mlango, na ruhusa ya kuingia na kutoka. Kufuli ni lako na ufunguo unakaa nao wewe, vilivyomo ndani yeye havijui, na mkataba wake kwa kawaida husema wazi kwamba vimo humo kwa dhima yako mwenyewe. Ni kweli kwamba Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inamtaka mtoa huduma afanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kwamba masharti yanayomwonea mteja yanaweza kupingwa. Lakini ili ulipwe kwa njia hiyo itakubidi uthibitishe kwamba yeye ndiye aliyezembea, ilhali moto ulioanzia katika chumba cha mpangaji mwingine, au mwizi aliyeruka uzio usiku, si lazima uwe uzembe wake. Bima haikuulizi nani amekosea. Inauliza tu kama tukio lililokupata limetajwa katika hati yako, na hiyo ndiyo thamani yake kubwa.

Wanaodhani kwamba majengo haya ya kisasa, yenye kamera na milango ya namba za siri, hayapatwi na maafa wakumbuke Croydon, kusini mwa London. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2018 moto uliteketeza jengo zima la stoo lililokuwa na vyumba zaidi ya elfu moja. Mteja aliyefunga chumba chake vizuri na asiyewahi kuchelewesha kodi alipoteza kila kitu sawasawa na yule aliyekuwa mzembe. Tofauti kati yao ilibaki katika kiasi cha bima ambacho kila mmoja alikuwa ameandikisha.

Sasa tuje kwenye bima yako ya nyumbani. Bima ya aina hii imejengwa juu ya makazi: inalinda vitu vilivyomo ndani ya nyumba iliyotajwa katika hati, na vitu vilivyotolewa nje kwa muda hupewa kinga finyu zaidi. Hati nyingi zinavitenga kabisa vitu vilivyowekwa katika ghala au stoo ya kukodi, na zile zinazovikubali huweka kikomo cha fedha au cha siku. Kwako wewe kuna tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa unairudisha nyumba yenyewe; siku utakapokabidhi funguo, msingi wa bima hiyo unaondoka, hata kama karatasi inaonyesha kwamba imebaki miezi kadhaa. Piga simu kwa kampuni yako, ueleze kwamba unahama na kwamba vyombo vinakwenda stoo kwa muda usiojulikana, kisha uombe jibu kwa maandishi. Ahadi ya simu pekee haitakusaidia siku ya kudai. Wakikukubalia, mpelekee mwenye stoo nakala ya barua hiyo, kwa sababu anachokuwa na haki ya kukitaka ni uthibitisho kwamba mali ina bima, na huna sababu ya kulipia kinga mbili kwa kitu kimoja. Unaweza pia kukata bima ya stoo kutoka kampuni nyingine kabisa, na mara nyingi bei yake huwa nafuu kuliko ile inayouzwa pale mapokezi.

Kabla ya kutia sahihi karatasi ya mapokezini, itazame kwa makini uone ni kitu gani hasa. Katika miaka ya karibuni baadhi ya wenye stoo wa Uingereza wameacha kuuza bima, na badala yake wanauza ahadi yao wenyewe ya kubeba dhima ya mali yako hadi kiasi fulani. Kwa macho ya mteja vitu hivi viwili vinafanana, kwa kuwa vyote vina kiwango, masharti na malipo ya kila mwezi. Kisheria vimetofautiana sana. Bima ikileta mgogoro, unaweza kuupeleka kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachosikiliza malalamiko ya wateja wa huduma za fedha bila malipo, ilhali ahadi ya mwenye stoo inaweza kuwa nje ya mamlaka yake na ukabaki na njia ya mahakama peke yake. Dalili moja ya kuvitofautisha iko kwenye risiti: bima hutozwa kodi maalumu ya bima, ambayo tangu Juni 2017 ni asilimia 12, na huduma ya kawaida hutozwa VAT ya asilimia 20. Hatusemi kwamba ahadi hizo hazina maana, ila ni haki yako kujua unachonunua na nani atakulipa.

Kuhusu pauni 2,000, maoni yetu ni kwamba hazitoshi kwa nyumba ya mama na watoto wawili, na tunakusihi usizikubali kwa sababu tu ndizo za bei ya chini. Chukua daftari, pita chumba baada ya chumba, na kila kitu ukiandikie bei ya kukinunua kipya leo dukani, kwa kuwa bima nyingi za stoo hulipa kwa msingi wa kipya badala ya kilichochakaa. Soma hati yako kuhakikisha, maana nguo, mashuka na mapazia mara nyingi hukatwa uchakavu. Vitanda vitatu na magodoro yake, friji, jiko, mashine ya kufulia, makochi, televisheni, kompyuta za watoto, mazulia, sufuria, vyombo vya udongo, majaketi ya baridi, vitenge na khanga za miaka yote: watu hushangaa jinsi jumla inavyopanda wanapofika jikoni, kwa sababu vitu vidogo vidogo vilinunuliwa kimoja kimoja na hakuna aliyewahi kuvijumlisha. Ukiwa na kitu cha pekee, kama kasha la mbao lililonakshiwa la urithi wa bibi, kitafutie tathmini ya maandishi na ukitaje kwa jina.

Kutaja kiasi kidogo kuna madhara ambayo watu wengi hawayafahamu. Wengi hufikiri kwamba akiandikisha pauni 4,000 na ikaharibika mali ya pauni 3,000, basi atalipwa 3,000 zote kwa kuwa hazijavuka kiwango. Hati nyingi za stoo zina kifungu cha uwiano kinachosema vingine. Mali yote chumbani ikiwa na thamani ya pauni 12,000 na wewe ukawa umeandikisha 4,000, umekata bima ya theluthi moja ya mali yako, na hivyo kila hasara utalipwa theluthi yake. Kwa hasara ya pauni 3,000 utapata 1,000, na humo bado kitakatwa kile kiasi ambacho kila mdai hujibebea mwenyewe kwa mujibu wa hati. Kampuni haikudhulumu inapofanya hivyo, kwani ilipokea ada ya theluthi. Ndiyo maana ni muhimu hesabu ile ya daftari iwe ya kweli, na iongezwe kila unapoongeza mizigo.

Maswali utakayoulizwa wakati wa kukata bima yajibu kwa ukweli na uangalifu. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu bima za walaji ilimwondolea mteja wa kawaida ule mzigo wa zamani wa kutakiwa kubashiri ni jambo gani kampuni ingependa kulijua; leo unawajibika kujibu ulichoulizwa bila kupotosha. Ukikosea kwa kutokuwa makini, kampuni inaweza kupunguza malipo kulingana na ada ambayo ingekutoza kama ingejua ukweli. Ukidanganya kwa makusudi, inaweza kuufuta mkataba wote na kukataa dai.

Vipo vitu ambavyo kwa kawaida havilipwi hata moto ukiwa wa wazi kiasi gani: fedha taslimu, vito na mikufu ya dhahabu, pasipoti, vyeti, hati za nyumba na viwanja. Hivyo vibebe au umwachie ndugu unayemwamini. Picha za familia hulipwa thamani ya karatasi tu, kwa hiyo zitolee nakala kwanza. Chakula usiweke hata kidogo. Tunasema hivi kwa mkazo kwa sababu tunajua desturi zetu, ambapo gunia la unga, dagaa na viungo kutoka nyumbani huonekana kuwa mali ya kutunza; mikataba ya stoo hupiga marufuku vyakula kwa sababu huvuta panya na wadudu, na dai la mazulia yaliyotafunwa litakuwa gumu ikionekana kwamba chambo ulikiweka wewe. Ukungu na unyevu navyo mara nyingi hutengwa, au hulipwa pale tu vilipotokana na tukio la ghafla kama bomba kupasuka. Mashine ya kufulia na friji zikauke kabisa kabla ya kufungwa, na mizigo isigusane na ukuta wala sakafu.

Kuhusu wizi, hati nyingi hudai dalili za kuvunjwa: kufuli lililokatwa au mlango uliopindwa. Kama kitu kimetoweka na kufuli likakutwa zima, kampuni itasema kwamba aliyeingia alikuwa na ufunguo. Usigawe funguo, na nunua kufuli imara hata kama ni la bei.

Kwa kuwa utakuwa Tanga, hatari yako kubwa huenda isiwe moto wala mwizi, bali ni deni la kodi. Kadi ya benki ikiisha muda, au akaunti ikikosa fedha, malimbikizo yataanza. Mwenye stoo atazuia mlango wako, na baada ya kutoa taarifa atakuwa na njia, chini ya mkataba, ya kuuza mali ili ajilipe. Bima hailipi mali iliyouzwa kwa deni. Vilevile, kama kinga yenyewe inalipiwa pamoja na kodi, kodi isipolipwa na kinga nayo huweza kukatika. Waachie anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku, na uandikishe kwa maandishi jina la mtu aliye Uingereza mwenye idhini ya kupokea taarifa na kuingia chumbani kwa niaba yako. Orodha yako, picha za kila kitu na risiti zihifadhi mtandaoni au kwa huyo mtu, kwa sababu orodha iliyofungiwa stoo inaungua pamoja na mali.

Likitokea la kutokea, taarifu kampuni ya bima siku hiyohiyo utakayojua, na kama ni wizi upate namba ya kumbukumbu ya polisi. Usitupe kilichoharibika kabla mkadiriaji wa hasara hajakiona. Sheria inaitaka kampuni ilipe ndani ya muda unaostahili, na mikataba yote iliyofanywa tangu Mei 2017 ina sharti hilo hata kama halikuandikwa. Usiporidhika, ilalamikie kwanza kampuni yenyewe. Ina wiki 8 za kukupa jibu la mwisho, na baada ya jibu hilo unayo miezi 6 ya kwenda kwa msuluhishi tuliyemtaja.

SWALI: Mafuriko yakiingia stoo

Bwana Mhariri, mimi ni Mkongomani wa kutoka Bukavu, nakaa Houston, Texas. Nimehama kwenye apatimenti kubwa kwenda ndogo na vitu vingi nimeviweka stoo ya chini, ile ya mlango wa kukunja. Nina bima ya mpangaji ya dola 20,000. Wakala aliniambia bima hii inafuata mali yangu popote ilipo. Mvua za huku zinanitia hofu. Niko salama? – Msomaji, Houston

JIBU

Ndugu yetu, wakala wako amesema nusu ya kweli. Bima ya mpangaji ya Marekani kwa kawaida huifuata mali popote duniani, lakini katika fomu ya mfano ambayo makampuni mengi ya huko huitumia, toleo la mwaka 2011, kuna kikomo maalumu kwa mali iliyo katika stoo ya kukodi: asilimia 10 ya kiwango cha bima au dola 1,000, kile kilicho kikubwa. Kama hati yako inafuata fomu hiyo, dola zako 20,000 zinageuka 2,000 mara tu mali inapovuka mlango wa stoo, kisha unakatwa kiasi cha kujibebea mwenyewe, ambacho katika bima nyingi za wapangaji ni dola 500 au zaidi. Fungua hati yako utafute kifungu kinachotaja stoo za kukodi. Makampuni mengine yanakubali kukiongeza kikomo hicho kwa ada ndogo.

Mafuriko ni jambo jingine kabisa. Maji ya mvua yaliyopenya baada ya upepo kung'oa paa yanaweza kulipwa, lakini maji yaliyopanda kutoka ardhini, mtoni au barabarani huhesabiwa kuwa mafuriko, nayo hutengwa katika bima za nyumbani na pia katika nyingi ya bima zinazouzwa na wenye stoo. Mnamo Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoikumba kusini-mashariki mwa Texas, baadhi ya maeneo yalipata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa siku chache, na chumba cha chini chenye mlango wa kukunja hakina namna ya kuzuia maji ya kiasi hicho. Bima ya mafuriko ya serikali kuu, NFIP, hulinda vilivyomo katika jengo lililotajwa kwenye hati, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo kuitafuta wakati kimbunga kimeshatangazwa ni kuchelewa.

Ushauri wetu ni kwamba uhame chumba. Omba cha ghorofa ya pili, hata kama itakubidi kulipa zaidi kidogo au kupandisha mizigo kwa lifti, kwa sababu hapa kukinga mali isiharibike ni rahisi kuliko kupata fidia. Tena uwaulize wenye stoo kama kile unachokilipia kwao kila mwezi ni bima au ni mpango wao wa ulinzi. Idara ya Bima ya Texas hupokea malalamiko ya wateja kuhusu bima, lakini mpango wa ulinzi si bima. Na usome katika mkataba wao kiwango cha juu cha thamani ya mali unachoruhusiwa kuweka, kwa kuwa mikataba mingi huko huweka kikomo cha dola 5,000, na ukizidisha bila kibali cha maandishi unajidhoofishia dai lako mwenyewe.

SWALI: Kutoka stoo hadi Dar es Salaam

Ndugu Mhariri, hapa Leicester nimekodi stoo ambamo nakusanya vitu polepole ili nivisafirishe Dar es Salaam kwa kontena. Msafirishaji ananiambia nisihangaike na bima ya stoo kwa kuwa kontena litakuwa na bima. – Msomaji, Leicester

JIBU

Bima ya shehena haianzi siku unaponunua kitu, na kukusanya mizigo kwa miezi si safari. Kwa mujibu wa masharti ya kimataifa ya bima ya shehena ya mwaka 2009, ambayo hutumika sana, kinga huanza pale mzigo unaposogezwa kwa mara ya kwanza ndani ya ghala ili upakiwe mara moja na kuanza safari. Miezi yote kabla ya hapo mali yako ipo stoo bila kinga yoyote, isipokuwa uwe umekata bima ya stoo. Upande wa pili, kinga hiyo hukoma mzigo unapofikishwa mahali pa mwisho palipotajwa, au siku 60 baada ya kushushwa melini kwenye bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia. Ukichagua kuuweka mzigo kwenye ghala jingine nje ya mwendo wa kawaida wa safari, hukoma hapo hapo. Hasara inayotokana na kuchelewa hailipwi, na gharama za kukaa bandarini ni zako. Makabati uliyoyafunga mwenyewe vibaya nayo yatakuwa na mgogoro, kwa kuwa ufungaji usiofaa umetengwa waziwazi.

Mwombe msafirishaji akuonyeshe cheti cha bima chenye jina lako, thamani uliyoitaja na herufi ya masharti, kwani A ndiyo pana kuliko zote, na B na C hulinda matukio machache tu yaliyoorodheshwa. Kauli kwamba “kontena lina bima” inaweza kumaanisha kwamba lililokingwa ni lile sanduku la chuma la mwenye kontena, na si vitu vyako vilivyomo ndani.